Aliandika, hakuna aliyeweza kusoma: kisa cha mwanafunzi asiyeona Bukavu

Dada mdogo wa mwenzetu asiyeona alikuwa akimsomea kwa mwanga wa simu. Akifika kwenye neno la Kilatini alisimama, akalikata vipande vipande, akalirudia, na yaya yake, yaani kaka yake mkubwa, akamwambia kwa upole: "Endelea tu, hilo nimelielewa." Binti mwenyewe alikuwa bado sekondari, na kilichokuwa mapajani mwake ni silabusi, yaani kijitabu cha maelezo ya kozi, ya sheria ya kiraia ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Nilikaa nao jioni ile nyumbani kwao Bagira saa nzima. Ndani ya saa ile walimaliza kurasa 6. Silabusi ilikuwa na kurasa 84. Nikapiga hesabu: saa 14 za kusomewa kwa kozi moja, kama umeme upo, kama simu ina chaji, kama binti hana kazi za shule yake. Na muhula ule tulikuwa na kozi 7.

Nilikuwa CP wa promosheni yetu, yaani mkuu wa darasa. Asiyejua vyuo vyetu atadhani CP ni cheo cha heshima tu. CP ndiye anayekusanya pesa za silabusi, anayeandika orodha ya waliolipa na wasiolipa, anayempigia asistanti (mwalimu msaidizi) simu kumkumbusha kipindi, anayepokea matangazo kutoka ofisini. Kwa hiyo kisa hiki sikukiona kwa mbali. Sehemu ya kilichomkwamisha mwenzetu ilipitia mikononi mwangu. Majina ya watu na ya chuo nayaacha. Wahusika wengi bado wako pale, na hakuna chuo mjini humu ambacho ningethubutu kuapa kwamba kwake kisingetokea.

Alivyoingia

Alijiandikisha Oktoba 2022. Miezi mitano kabla, tarehe 3 Mei 2022, nchi yetu ya Kongo (DRC) ilikuwa imepata sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, ndiyo iliyoagiza sheria hiyo itungwe, na watu wakaisubiri miaka 16. Kabla yake, 2015, Kongo ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Mkataba huo, kifungu cha 24, unataja wazi masomo ya juu, na kifungu cha 2 kinasema kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa na yanayowezekana ni kumbagua.

Siku ile kwenye dirisha la apariteri, afisa wa kuandikisha wanafunzi, hakuna aliyekuwa akiwaza hayo. Fomu ilikuwa na mistari ya jina, mahali pa kuzaliwa, shule aliyotoka, asilimia ya Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari), jina la baba, jina la mama, dini pia. Haikuwa na mstari wa kuuliza kama mwanafunzi anahitaji kitu chochote ili asome. Karani, kwa nia njema, aliandika neno "aveugle", yaani asiyeona, kwa penseli kwenye kona ya juu, akaiweka fomu kwenye rundo. Hilo lilikuwa jambo la kwanza na la mwisho ambalo ofisi ilifanya kuhusu macho yake mpaka siku ya mtihani.

Alipoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 6, kwa surua. Si yeye peke yake: surua ikimkuta mtoto aliyepungukiwa vitamini A, kioo cha mbele cha jicho kinaweza kuharibika ndani ya siku chache. Alijifunza nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, shuleni, akamaliza sekondari, akafaulu Exetat kama sisi wengine. Njia ya kwenda chuoni aliimudu mwenyewe. Wanaoijua Bukavu wanaelewa ninachosema: mji umekaa juu ya vilima, mitaro iko wazi pembeni mwa barabara, pikipiki zinapita mpaka pale ambapo mtu angedhani ni njia ya miguu. Alihesabu ngazi za kutoka barabarani hadi oditwarini, yaani ukumbi wa mihadhara, zilikuwa 47, na baada ya wiki mbili alizishuka kwa kasi kuliko mimi. Hakumwomba mtu azivunje.

Alichoomba ni vitu vitatu, na hakuna kimoja kilichokitaka chuo kitoe hata dola moja. Kwanza, apate faili la kila silabusi, ili kompyuta yake imsomee. Pili, namna atakavyofanya mtihani ijulikane kabla ya siku ya mtihani. Tatu, matangazo yasiishie kwenye valvu, ule ubao wetu wa nje. Yasomwe oditwarini au yatumwe kwa simu. Aliniambia haya wiki ya kwanza. Nikamjibu, "Usijali, tutaona." Nilikuwa namaanisha wema. Sikuandika popote.

Silabusi ni chakula cha mtu

Kompyuta yake ilikuwa ya mtumba, zawadi ya mjomba wake wa Uvira, na ndani yake kulikuwa na NVDA. Hii ni programu ya kusoma skrini kwa sauti, ya bure, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Inazungumza Kifaransa vizuri, na hata sauti ya Kiswahili imo, ya kimashine kidogo lakini inaeleweka. Kijana wetu aliisikiliza kwa kasi ambayo mimi sikuambulia hata neno. Ukimpa faili la kurasa 84 lililoandikwa vizuri, jioni mbili zinamtosha. Dada yake angelala mapema.

Asistanti wa sheria ya kiraia alikataa. Nilikuwepo. Alisema: "Nikikupa faili leo, kesho kutwa promosheni nzima inalo kwenye WhatsApp. Mimi nitakula nini?"

Najua msomaji anavyomwona mtu huyu sasa hivi, na namwomba angoje kidogo. Asistanti yule alikuwa kazini kwa miaka kadhaa bila kuwa *mekanize*, maana yake jina lake lilikuwa halijaingia kwenye orodha ya malipo ya serikali. Kila anayefundisha katika vyuo vya umma vya nchi hii anajua hali hiyo. Mwaka uliotangulia alikuwa amempa mwanafunzi mmoja faili kwa urafiki, na waliokuja kununua silabusi kwake wakabaki wachache mno. Pesa ile ndiyo ilikuwa kodi ya nyumba yake. Mlango aliokutana nao mwenzetu, basi, haukufungwa kwa chuki dhidi ya wasioona. Ulifungwa kwa ajili ya watu wengine kabisa, wanaoona, na yeye akajikuta nje pamoja nao. Hili nalisisitiza kwa sababu mikutano yetu mingi juu ya ulemavu huhubiri upendo, na upendo hapa haukukosekana. Palikosekana njia ya mwalimu kutoa faili bila kupoteza mkate wake.

Yeye naye kwa wiki tatu alikataa kununua karatasi asizoweza kuzisoma. Kwenye orodha yangu akawa miongoni mwa "hawajalipa", kwa wino mwekundu, na kila mtu anajua orodha ile inavyoweza kumfuata mwanafunzi mpaka kwenye alama za kazi za darasani. Mwishowe alinunua. Ndipo dada yake akaanza kusoma kwa mwanga wa simu.

Karatasi tatu

Mtihani wa kwanza wa muhula ulikwenda vizuri. Mwalimu alimwita ofisini baada ya wengine, akamhoji kwa mdomo, akampa 14 juu ya 20. Wote tukafurahi na kuona jambo limekwisha.

Wa pili ulikuwa sheria ya kiraia. Asistanti alikuwa na mtihani mwingine saa ileile, akamwachia usimamizi mwenzake wa kitivo kingine ambaye hakuambiwa lolote. Maswali yaliandikwa ubaoni. Dada mtu alitolewa nje, na kwa hilo msimamizi hakukosea, kwa kuwa asiye mwanafunzi haingii. Mwenzetu akanyoosha mkono: "Papa, mimi sioni ubao." Msimamizi akatazama karatasi yake ya maelekezo, hakukuta kitu. Akamruhusu jirani amsomee maswali mara moja, kwa sauti ya chini. Halafu kila mtu akainamia kazi yake.

Nilikuwa safu nne nyuma yake. Baada ya dakika chache nikasikia: tik, tik-tik, tik. Alikuwa ametoa kwenye begi kibao chake cha nukta nundu na sindano yake. Anayeandika hivyo huanza kulia kwenda kushoto, akibonyeza karatasi ngumu kwa nyuma ili nukta zitokeze upande wa pili, na kila herufi ni mpangilio wake ndani ya nafasi ya nukta 6. Louis Braille alichapisha mfumo huo Ufaransa mwaka 1829. Karibu karne mbili zimepita. Watu wakaanza kugeuka. Msimamizi akamwambia asisumbue wengine. Akapunguza nguvu ya mkono, akaendelea. Saa mbili zilipokwisha alikabidhi karatasi tatu zilizojaa. Jina lake aliandikiwa na jirani, kwa kalamu, juu ya karatasi ya kwanza.

Matokeo yakaja: 0. Pembeni palikuwa na maneno kwamba karatasi hazina maandishi.

Maneno hayo yaliniuma kuliko sifuri. Zilikuwa na maandishi toka juu hadi chini. Katika oditwari yenye watu zaidi ya 200, huenda yeye ndiye aliyeandika kwa nguvu kuliko sote, na kila nukta ingegusika kwa kidole. Chuo chenye walimu wenye digrii kadhaa kila mmoja hakikuwa na mtu hata mmoja wa kusoma, wala hakikufikiria kumtafuta, ilhali shule zinazofundisha maandishi haya zipo hapahapa nchini na yeye mwenyewe alitoka katika mojawapo.

Na tulimtafuta. Mwalimu wake wa zamani alikuja, karatasi zikatolewa kwenye bahasha. Moja ilikuwa imelala chini ya rundo la karatasi za wenzake na nukta zake zilikuwa zimebanwa, baadhi ya mistari imefifia. Hata hivyo alizisoma, akatamka, mimi nikaandika. Tulimaliza jioni moja. Asistanti alipoona maandishi yale alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Huyu amejibu."

Lakini juri, jopo la walimu linaloamua matokeo, ilikataa kupokea rufaa. Matokeo yalibandikwa kwenye valvu Ijumaa mchana, na muda wa kukata rufaa ulikuwa siku tatu. Yeye alizijua alama zake Jumanne asubuhi, mtu alipomsomea. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ombi lake la tatu, lile la matangazo, ambalo nililiona dogo kupita yote, alikuwa amelitaja kwa mkazo uleule.

Wengi waliniambia baadaye kwamba suluhisho ni kumhoji kwa mdomo kila mara. Yeye mwenyewe hakutaka, na alikuwa na sababu ambayo sijasikia ikitajwa kwenye semina yoyote: mtihani wa mdomo hauachi karatasi. Rufaa kwetu ni kufungua karatasi ya mwanafunzi na kuhesabu upya. Asiye na karatasi hana cha kufunguliwa. Alama yake ni neno la mwalimu, basi. Ile 14 ya kwanza ilimpendeza, ila angepewa 4 asingekuwa na pa kushika.

Ukurasa mmoja

Kabla ya sesheni ya pili, yaani mitihani ya marudio, tuliandika barua kwa mkuu wa kitivo, nakala kwa katibu mkuu wa masomo. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne, imejaa uchungu. Mwalimu wa nukta nundu aliisoma akatuambia: "Wanangu, hii wataionea huruma na kuiweka kabatini. Waandikieni kitu ambacho karani anaweza kukitekeleza kesho asubuhi."

Tukaanza upya. Mstari wa kwanza ulitaja Katiba kifungu cha 49, Mkataba kifungu cha 24, na sheria 22/003, bila hotuba. Kisha mapendekezo. Mwanafunzi atalipa silabusi bei ileile kama wengine na atapewa faili badala ya karatasi; atatia saini kwamba halitoi kwa mtu, na likivuja kutoka kwake atamlipa mwalimu. Mtihani ataufanya chumba cha pembeni, na mwandishi atakayetoka kitivo kingine ili asiweze kumsaidia majibu, maswali yasomwe mara mbili, muda uongezwe theluthi moja kama Ufaransa inavyofanya, yaani dakika 40 juu ya saa mbili. Matokeo na tarehe zitumwe kwa CP kwa simu saa ileile yanapobandikwa. Hayo tu.

Mkuu wa kitivo alitupokea vizuri. Alisema chuo kilikuwa hakijawahi kupata mwanafunzi wa namna hii, ndiyo maana hapakuwa na utaratibu. Mama wa sekretarieti, aliyekuwa akipanga majalada nyuma yetu, akasema bila kugeuka: "Alikuwepo mmoja, papa. Zamani kidogo. Aliacha mwaka wa pili."

Kimya kikapita. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na ulemavu unaomwathiri kwa kiasi kikubwa. Vijana ni wachache kuliko wazee katika hesabu hiyo, sawa, lakini chuo cha maelfu ya wanafunzi kinachosema hakijawahi kuwaona, kinapaswa kujiuliza wanaingilia wapi na wanatokea wapi. Barua ilitiwa saini wiki hiyohiyo, ikiwa na maneno "kwa mwaka huu wa masomo". Tulishangilia mno kiasi cha kutoyazingatia maneno hayo matano ya mwisho.

"Waraka mtupu"

Faili lilikuja kwenye flashi. Tukalifungua pamoja, watu watano tumesongamana kwenye benchi, na kompyuta ikatangaza kwa Kifaransa kwamba waraka ni mtupu. Tukalifunga, tukalifungua. Mtupu. Kwenye skrini sisi tuliona kurasa 84 zimepangwa vizuri. Yeye aliambiwa hakuna kitu.

Jambo hili wengi hawalijui, na ndilo linaloharibu nia njema nyingi. Silabusi ile ilirithiwa kutoka kwa profesa wa zamani, fotokopi ya fotokopi, na asistanti alipoiweka kwenye kompyuta aliiskani tu. Ukurasa ulioskaniwa ni picha. Programu ya kusoma skrini husoma herufi. Ikikuta picha haina la kusema. Zipo programu za kugeuza picha kuwa herufi, tukajaribu moja, lakini wino uliofifia na alama za mikono pembeni vilitoa maneno yasiyo ya lugha yoyote. Anayetaka kujua kama faili lake linasomeka na ajaribu kuteua neno moja kwa kipanya. Likikubali peke yake, ni herufi. Ukurasa ukishikika wote kwa pamoja kama picha ya harusi, mwenzako asiyeona hatapata kitu.

Tukagawana. Watu 6, kurasa 14 kila mmoja, kuandika upya kwa mkono kwenye kompyuta za kukodi pale Nyawera na kwenye simu zetu. Siku nne. Tulimpa faili, na nakala tukampelekea asistanti kwa heshima, maana kazi ilikuwa yake. Aliirekebisha makosa, akaongeza sura moja, akaichapisha safi. Promosheni iliyotufuata ilinunua silabusi hiyo, yenye herufi zinazosomeka, na ninavyojua aliuza nyingi kuliko mwaka wowote. Toka hapo hakuwahi tena kubishana juu ya faili. Mwaka uliofuata ni yeye aliyewaeleza wenzake wawili jinsi saini ile inavyofanya kazi.

Sesheni ya pili aliandikiwa na dada wa kitivo cha kilimo. Neno la kisheria *usufruit* aliliandika vibaya mara mbili, kijana akamtajia herufi moja moja, na hapo theluthi ya muda ilionyesha kazi yake. Haikuwa zawadi. Ni gharama ya kupita kwenye mkono wa mtu mwingine. Alipata 13, karatasi ikiwepo, yenye wino, iliyofungiwa pamoja na za wenzake.

Ninavyokiona kisa hiki

Nimeulizwa mara kadhaa ni nini kilichosaidia, na watu hutarajia niseme sheria, au mshikamano wa vijana. Sheria ilitufungulia mlango wa ofisi. Bila ule mstari wa kwanza tungeambiwa turudi wiki ijayo. Mshikamano ulitupa siku nne za kuchapa. Lakini kilichokata mzizi, kwa maoni yangu, ni kwamba tulimuuliza asistanti anaogopa nini, na tukaweka jibu la hofu yake ndani ya barua. Ningekuwa nimefanya hivyo Oktoba, badala ya kusema "tutaona", dada yake asingesoma Kilatini usiku kwa miezi minne.

Kwa majirani wameanzia ngazi ya juu zaidi. Uganda hutenga kila mwaka nafasi 64 za masomo ya chuo kikuu kwa gharama ya serikali kwa wanafunzi wenye ulemavu. Tanzania, bodi ya mikopo huwapa wanafunzi wenye ulemavu kipaumbele. Kwetu bodi ya mikopo ni mjomba wa Uvira. Wapo wafadhili wanaowatafuta vijana wenye ulemavu kwa makusudi, na mpango wa masomo wa Mastercard Foundation, unaofanya kazi na vyuo kadhaa vya Afrika, ni mmojawapo. Nawahimiza vijana wetu waombe, tena mapema, kwa kuwa vyeti vya daktari na tafsiri huchukua wiki. Ila mfadhili akimlipia mtu minervali (ada ya chuo) yote, na silabusi ikabaki picha, na mtihani ukabaki ubaoni, amelipia kiti cha mtu kukalia tu.

Kwa mzazi au mwanafunzi anayejiandaa kuanza: nenda kwa apariteri na kwa mkuu wa kitivo kabla ya vipindi kuanza, ukiwa na barua ya ukurasa mmoja yenye mambo ambayo karani anaweza kuyatekeleza. Omba jibu la maandishi, lenye mhuri. Na uliza kama jibu hilo ni la mwaka mmoja au la masomo yote, swali ambalo sisi hatukuliuliza.

Maana mwaka wa pili ulipoanza, mkuu wa kitivo alikuwa amehamishwa. Barua iliisha pamoja na mwaka. Msimamizi mpya alitaka kujua nani aliruhusu chumba cha pembeni. Tulirudi kuanza, safari hii kwa wiki tano badala ya miezi minne, kwa sababu karatasi ya zamani ilikuwepo na asistanti aliisemea. Mwaka wa tatu vilevile, hadi Februari 2025, vita vilipofika Bukavu na vipindi vikasimama. Benki zilifungwa. Katika siku zile mwenzetu hakutoka nyumbani. Mtu anayeijua njia kwa kuhesabu hatua na kusikiliza mitaro hawezi kutembea katika mji uliobadilika sauti. Kompyuta aliifukia chini ya gunia la makaa, ikapona. Masomo yaliporudi alirudi nayo, na sasa anaandika kazi yake ya mwisho.

Mwezi uliopita nilipita sekretarieti. Fomu ya apariteri ni ileile, bila mstari. Lakini mama yule alifungua mtoto wa meza akanionyesha daftari la shule, lenye jalada la bluu. Aliliandika mwenyewe kwa mistari ya rula: jina, kitivo, anahitaji nini. Jina la kwanza ni la kijana wetu. Chini yake kuna mengine matatu: mmoja mwenye ualbino anayeomba maswali kwa herufi kubwa, msichana asiyesikia wa mwaka wa kwanza, na mwingine anayetembea kwa magongo ambaye kipindi chake cha Jumatano kiko ghorofa ya pili. Kila Jumatatu kabla ya mitihani, mama huchukua daftari hilo na kupita ofisi hadi ofisi akiwakumbusha wasimamizi. Alilinunua kwa franka zake. Mwaka kesho anastaafu, na hajapata bado wa kumwachia.